Meno ya Mbuzi

Mjomba wangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa meno. Lilikaa kwenye rafu juu ya benchi la kazi, kati ya chupa za rangi na misasa iliyochakaa. Meno ya mbuzi, meno ya kondoo, machache ya ng'ombe. Fuvu likipoteza jino wakati wa kuchemshwa, alipeleka mkono kwenye kopo bila hata kutazama, akachagua jino, akalisugua kidogo, akalitia gundi na kulikandamiza mahali pake kwa kidole gumba. Nilipoanza kufanya kazi kwake nilidhani huo ni ufundi mkubwa. Siku hizi nikiona kopo la maziwa dukani nakasirika kabla hata sijakumbuka ni kwa nini.

Kazi yetu ni ya mifupa. Banda letu liko Kambi Muru, hapa Kibera, mabati pande tatu, na upande wa nne uko wazi ili harufu ipate njia. Mifupa ya ng'ombe tunaichemsha kwenye pipa, tunaikwangua nyama na mafuta, tunaianika juu ya paa mpaka iwe myeupe. Halafu inakatwa, inapigwa msasa, inatiwa nta na rangi, na mwishowe inakuwa shanga, vifungo, vijiko na bangili. Mafuvu ya mbuzi na kondoo tunayauza mazima, ya kutundika ukutani. Watu wa maduka ya mjini wanakuja kuvichukua na kuwauzia watalii. Mtalii akivaa mkufu wetu hajui kwamba ulipita kwenye pipa la kuchemshia mifupa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuchukua mifupa Kawangware, kila Alhamisi. Hapa Kibera mifupa mikubwa inaishia kwa wauza supu. Kule kuna wenye bucha watatu waliotuwekea ya miguu, ile minene na iliyonyooka. Nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, gunia kichwani. Watu walinipisha njia kama ninayebeba ugonjwa, na kuanzia Ngong Road mbwa walinifuata nyuma kwa mstari. Mimi ni mtu wa aibu. Kutazamwa na mtu mmoja kunanitosha, sembuse kutazamwa na barabara nzima pamoja na mbwa wake.

Naandika haya polepole. Nilisoma mpaka darasa la nane, na karatasi ya mtihani wangu haikuwa mbaya, lakini nyumbani kwetu Magharibi zamu ya karo ilikuwa ya kaka zangu. Nikaletwa Nairobi kwa mjomba. Kabla ya hii, barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sentensi nikiianza asubuhi naweza kuimaliza baada ya chai. Sijali. Mfupa nao haupendi haraka.

Jambo moja zaidi kuhusu mjomba, ili nisiwe kama ninayemsema vibaya tu. Nimepewa jina la mama yake. Kwetu, mtoto aliyebeba jina la mama yako humwiti ovyo. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo mjomba aliniita mama. "Mama, ebu nipe msasa." "Mama, umekula?" Alisema hivyo hata mbele ya wateja, mtu mzima mwenye mvi akimwita mama msichana wa miaka kumi na tisa, na mimi nikaona sina haja ya kusema sana mahali popote. Mtu anayeitwa mama na mjomba wake ana nafasi yake.

Basi siku moja akaja mwalimu mkuu wa shule ndogo ya mabati ya Kawangware. Nilimfahamu kwa sura kwa sababu shule yake ilikuwa kwenye njia yangu ya mifupa. Alikuwa na ukurasa wa gazeti la zamani, la picha, ameuhifadhi ndani ya karatasi ya nailoni.

"Sasa, fundi," akamsalimu mjomba.

"Poa, mwalimu. Kaa hapo, hilo debe ni safi."

Mwalimu alilitazama debe, akaamua kusimama. Akatueleza kwamba shule yake itapata wageni mwisho wa mwezi, na kwamba ametengeneza kona ya sayansi kwenye darasa la sita. Ana moyo wa udongo, ana sayari za karatasi. Lakini hivyo hata shule nyingine wanavyo. Yeye anataka kitu ambacho hakuna mwingine anacho.

"Nataka kisukuku," akasema.

Mwenzetu wa msumeno aliinua kichwa. Huyu alikuwa kijana Mnubi, amezaliwa hapahapa, mababu zake waliletwa na jeshi la Mwingereza, na ulimi wake haukupumzika. "Hicho kinaliwa na ugali ama na chapati?"

"Ni mnyama wa zamani aliyegeuka jiwe, bwana. Hatuwezi kupata jiwe lenyewe. Nataka mfano wa fuvu lake, kwa mfupa. Si nyinyi ni watu wa mifupa?"

Akaufungua ukurasa. Kulikuwa na picha mbili. Moja ya mnyama mzima, mfupi wa miguu, mnene wa mwili kama nguruwe. Nyingine ya fuvu lake kwa upande. Mwalimu alitusomea Kiingereza chake na kukigeuza Kiswahili kadiri alivyokwenda. Anaitwa diksinodonti. Aliishi kabla ya dinosaria. Mifupa yake imechimbwa kwenye miamba ya sehemu nyingi, mpaka kusini mwa Tanzania. Mdomo ulikuwa mgumu, kama wa kobe, na kandokando yake zimetoka pembe mbili kuelekea chini, kama za ngiri.

"Kwa hivyo ni nguruwe aliyeoa kobe," akasema wa msumeno.

"Si nguruwe, si kobe. Hapa wameandika ni ndugu wa mbali wa wanyama wanaonyonyesha. Yaani yuko karibu na ng'ombe, na mbuzi, na sisi watu, kuliko alivyo karibu na mjusi."

"Na mimi?"

"Wewe bado wanakuchunguza."

Tulicheka wote, hata mimi, nikiwa nimefunika mdomo. Mjomba aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Kisha akanielekezea kidevu. "Huyu mama yangu ndiye atakayefanya. Mkono wake ni mwepesi kuliko wetu."

Ilikuwa kazi ya kwanza iliyowahi kuwa yangu kutoka mwanzo.

Mjomba alitaka nianze na fuvu la mbuzi, nilibandike pembe na kulichonga mdomo. Ndivyo ambavyo angefanya yeye. Lakini nilipoliweka fuvu la mbuzi kando ya ile picha niliona haiwezekani. Mbuzi ana pua ndefu, na macho yako pembeni. Huyu alikuwa mfupi wa uso, tundu kubwa nyuma ya jicho, na taya nene kama sehemu ya kushikia tupa. Sikubishana. Nilichukua tu mifupa ya miguu ya ng'ombe, nikaanza kuikata vipande, nikajenga fuvu kipande kwa kipande kwa gundi ya kuchanganya, na kila kiungo nikakificha chini ya msasa. Mjomba alipita nyuma yangu, akaona, akaguna, akaenda zake.

Kilichonishinda ni mshale. Kwenye picha ya fuvu, chini ya taya, walikuwa wamechora mshale mdogo unaotazama nyuma. Nilisoma maneno yaliyokuwa kando yake labda mara ishirini. Neno la kurudi nyuma nililijua tangu darasa la tano. Lakini taya linarudije nyuma? Taya la mbwa linafunguka na kufunga tu, kama mlango. Taya la ng'ombe linakwenda kando, huku na huku. Yeyote aliyemtazama ng'ombe akicheua anajua. Nilikaa kwenye ndoo nikiwa nimeshika taya langu mwenyewe, nalisukuma mbele, nalivuta nyuma, mpaka wa msumeno akaniuliza kama jino linaniuma.

Siku ya tatu nikaelewa. Kiungo cha taya la huyu mnyama hakikuwa shimo. Kilikuwa njia. Kwenye picha kilikuwa kirefu na laini, na mimi nilikuwa nakichonga kifupi na cha mviringo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuona. Nilikitupa nilichokuwa nimefanya, nikachonga upya. Nilikipiga msasa mkali, kisha laini, kisha karatasi ya kaki, mpaka taya la chini likawa linateleza kwenye lile la juu kama droo. Ukilisukuma mbele linakaa, ukilivuta nyuma makali ya mdomo yanapishana. Meno hakuna hata moja ndani, ila zile pembe mbili tu. Hakuyahitaji. Mdomo wenyewe ulikuwa mkasi.

Nilimwonyesha wa msumeno peke yake. Alichukua bua la sukuma wiki lililokuwa limetupwa karibu na pipa, akaliingiza mdomoni mwa fuvu, akavuta taya. Bua likakatika safi.

"Manze," akasema polepole. Hakufanya mzaha. Alikata la pili, akakata la tatu. "Hii kitu inakula. Imekufa kabla ya dinosaria na inakula sukuma yetu."

Sijawahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Jumatano jioni, siku mbili kabla ya wageni wa shule, mjomba aliligeuza fuvu mikononi. Alitazama ndani ya mdomo.

"Na meno?"

"Haina," nikasema.

"Haina vipi?"

Nikamwonyesha picha kwa kidole. Alitazama picha, akatazama fuvu, akaliweka chini. Ndivyo tulivyoongea. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi sana. Haina. Nilikuwa na siku kumi za maneno ndani yangu, juu ya mbwa, ng'ombe, mshale, njia ya taya, na nikatoa neno moja. Hasira niliyonayo kwa mjomba ni kubwa, lakini sehemu yake ni yangu.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Akanituma Kawangware kuchukua mifupa, kama kawaida. Niliporudi, shingo ikiniuma, fuvu lilikuwa limeshafungwa kwa magazeti na kamba ya manila. "Nimelipiga vanishi kidogo," akasema. "Usilifungue, halijakauka vizuri." Sikulifungua. Nilikwenda kufua nguo yangu ya kanisani.

Ijumaa tulikwenda pamoja, yeye amelibeba kifuani kama mtoto, mimi nimeshika ule ukurasa, ambao mwalimu aliubandika ukutani tulipofika. Darasa la sita lilikuwa limejaa watoto, wazazi wachache na wageni watano au sita. Mmoja wa wageni alikuwa mama wa makamo, Mkenya, aliyewahi kufanya kazi miaka mingi na watu wanaochimba visukuku kaskazini. Mwalimu mkuu alikuwa amemwalika kwa ajili hiyo hasa. Nilisimama karibu na mlango. Mwalimu alikata kamba, akaondoa gazeti moja, la pili, akaliinua fuvu ili wote waone.

Lilikuwa na meno.

Meno ya mbuzi, magego, safu nzima juu na safu nzima chini, yamepangwa vizuri kabisa. Mjomba ni fundi. Na kwa kuwa meno yaligongana na taya likawa halitelezi tena, alikuwa amelitia gundi kwenye kiungo, mdomo ukiwa wazi kidogo, kama mtu anayetabasamu kwa mpiga picha. Juu ya yote hayo vanishi.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa anatazama wageni, ameridhika.

Yule mama mchimbaji alisogea, akavaa miwani. Akainama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na nia mbaya, jambo ambalo lilinikera zaidi.

"Jamani," akasema, "huyu ni kobe aliyeazima meno ya mbuzi. Mnyama huyu hakuwa na magego hivi. Mtoto wa shule angeona, angalieni picha yenyewe hapo ukutani." Watu wakatazama picha ukutani. Watu wakaanza kucheka na wao. "Nani ametengeneza?"

Aliuliza akimtazama mjomba, na mwalimu mkuu akamtazama mjomba, na mimi nikamtazama mjomba.

"Ni huyu msichana," mjomba akasema, akinionyesha mlangoni. "Mnisamehe. Hakusoma sana."

Hakusema mama. Alisema msichana.

Wote waligeuka. Sijui jinsi ya kumweleza mtu asiye na aibu inakuwaje. Maneno yapo, yamejipanga, lakini koo linakuwa la mtu mwingine. Yule mama akaniambia kwa upole, "Haidhuru, binti. Umejitahidi. Mkono ni mzuri, ni elimu tu." Mwalimu mkuu, ili kuokoa siku yake, akapiga makofi na kusema watoto hujifunza hata kutokana na makosa. Wageni wakahamia kwenye sayari za karatasi.

Tulipofika Kibera, mbele ya banda, nikasema, "Kwa nini, anko?"

"Kwa nini nini?"

"Meno."

Alishangaa kweli. Hicho ndicho ninachotaka kieleweke. Hakuwa anajifanya. "Mama, fuvu bila meno nani atalipokea? Umesahau yale mafuvu ya mbuzi yaliyorudishwa na mtu wa mjini, eti yana mapengo? Tulirudia yote. Nilikuwa nakuokoa. Nilikaa Alhamisi nzima nayapanga."

"Picha haikuwa na meno."

"Picha imechorwa na mtu aliyekuta fuvu kuukuu. Meno yalishaanguka. Kitu kimekaa ndani ya jiwe hivyo, unadhani meno yatabaki?"

Kwa akili ya banda letu alikuwa na haki. Kila pengo kwetu ni hasara ya kuzibwa. Hata mimi nilifundishwa hivyo na nimeziba mapengo mengi. Lakini alikuwa ameniona nikifanya kazi siku kumi, na hakudhani hata mara moja kwamba huenda mimi najua. Nikamuuliza lililobaki.

"Na kwa nini ulisema ni mimi?"

Akachukua tupa, akaanza kunoa kisu ambacho hakikuwa butu. "Ungetaka niseme nini mbele ya watu wote wale? Mimi nina wateja. Wewe hakuna anayekujua."

Wa msumeno alikuwa amesikia. Akauinamia msumeno wake.

Sasa fikiria kila Alhamisi. Njia yangu ya mifupa inapita kando ya ile shule, na dirisha la darasa la sita halina kioo, lina waya tu. Alhamisi ya kwanza nililiona fuvu kwenye meza, na mbele yake karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: TAFUTA MAKOSA KATIKA MFANO HUU. Nilisoma polepole, gunia kichwani, mbwa wamekaa nyuma yangu wakinisubiri. Alhamisi ya pili mtoto alikuwa amesimamishwa mbele, anaonyesha meno kwa rula, na wenzake wanahesabu kwa sauti. Kosa la kwanza, kosa la pili, kosa la tatu. Alhamisi ya tatu nilipita barabara ya juu, nikazunguka mbali ili nisipite pale, na nikafika Kibera shingo ikiwa imekakamaa. Nikajiuliza ni nani hasa anayebeba mzigo huu na kwa sababu gani.

Wiki ile nilikuwa nafanya vifungo. Nilivifanya vibaya, vingine nikavivunja. Mjomba akasema, "Mama, una nini?" Nikamwambia asiniite hivyo. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kama ningempigia kelele, na nilitaka limuume.

Alhamisi ya nne nilichukua chupa ya chai, nikaijaza maji yaliyochemka. Nikachukua koleo ndogo, kisu chembamba na vitambaa. Gundi yetu ya kuchanganya inalainika kwa joto, lakini fuvu zima nililiunga kwa gundi hiyohiyo. Maji yakizidi, kazi yangu yote ingeachana kabla ya meno ya mjomba kutoka. Nilijua hivyo. Nilikwenda na gunia tupu.

Mwalimu mkuu alikuwa anafundisha. Nilisimama mlangoni mpaka watoto wakaanza kunitazama badala ya ubao.

"Ndiyo?" akasema. "Aa, ni wewe. Umekuja kulichukua?"

"Nimekuja kulitengeneza."

"Lakini tunalitumia. Ni somo zuri sana la makosa."

Nikasema jambo ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu Kibera, likatoka dogo sana. Mtoto wa dawati la mbele, msichana mwenye pengo la meno mawili, aligeuka na kuwaambia wa nyuma kwa sauti kubwa, "Amesema kosa si lake."

Mwalimu aliweka chaki chini. "Si lako vipi?"

"Fuvu nimetengeneza mimi. Meno si yangu."

"Amesema fuvu ni lake, meno si yake," akatangaza yule mtoto.

Sikusubiri ruhusa. Nililiketisha fuvu mapajani, nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikalifunika jino moja peke yake, nikahesabu kimyakimya, nikashika kwa koleo, nikavuta. Likatoka. Nikaliweka mezani. Watoto wakasogea. La pili. La tatu. Nilikuwa na hasira hadi meno yangu mwenyewe yaliuma kwa kuyakaza. Kila jino nililolitoa nilikuwa namwambia mjomba kitu ndani ya kichwa changu. Nyuma yangu watoto walianza tena kuhesabu, safari hii kwa kunong'ona, na hapakuwa na neno kosa.

Jino moja la chini lilikatika, mzizi ukabaki ndani. Nilichimba kwa kisu na kipande cha taya kikapasuka pembeni, ufa wa urefu wa ukucha. Upo mpaka leo. Kisha nikalainisha gundi ya kiungo, nikaikwangua, nikasukuma taya mbele. Likagoma. Nikakwangua tena. Likasogea, likasugua upande wa kulia, likateleza.

"Nipe jani," nikamwambia yule mtoto mwenye pengo. Alikimbia nje, akarudi na bua la nyasi. Nililiweka mdomoni mwa fuvu, nikavuta taya nyuma. Likakatika vipande viwili, kimoja kikaanguka kwenye sketi yangu.

Kisha mvulana wa nyuma akasema, "Kumbe alikuwa anakula hivyo," na wote wakataka kujaribu.

Mwalimu mkuu alilishika fuvu mwishoni, baada ya watoto. Alivuta taya mara kadhaa. Akatazama ukurasa wake ukutani, ule mshale. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliuona.

"Kwa nini hukusema siku ile?" akaniuliza.

"Hamkuniuliza mimi. Mlimuuliza anko, na meno ni yake."

Aliiondoa ile karatasi ya makosa, akaigeuza upande usioandikwa, akanipa na kalamu nene. "Basi andika wewe."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema mwandiko wangu ni mbaya. Nilikaa kwenye dawati la mbele, karibu na yule msichana, nikaandika polepole, watoto arobaini wakinisubiri. Niliandika kwamba mnyama huyu hakuwa na magego, alikata majani kwa mdomo, kwa kuvuta taya nyuma. Chini yake niliandika jina langu lote, lile la mama yake mjomba. Mwalimu aliibandika karatasi mbele ya fuvu. Yule mama mchimbaji sijamwona tena. Kwake mimi bado ni binti aliyekosa elimu, na hilo sina koleo la kulitoa.

Nilipitia kwa wenye bucha, nikarudi Kibera na gunia la mifupa kichwani, kwa njia ileile, na mbwa walewale. Meno nilikuwa nimeyafunga kwenye kitambaa. Mjomba alikuwa kwenye benchi, wa msumeno kando yake. Nililishusha gunia, nikachukua kopo la maziwa kwenye rafu, nikaliweka mbele ya mjomba, nikamimina meno yake ndani. Yalipiga kelele kuliko nilivyotarajia.

"Nimewaambia," nikasema. "Nimewaambia ni wewe."

Alitazama ndani ya kopo. Alitia kidole, akayageuza, akalitoa lile lililokatika, akaliinua kwenye mwanga.

"Hili umelivunja," akasema.

Nilisubiri neno jingine. Wa msumeno naye alisubiri, nilimwona. Mjomba alilirudisha jino ndani ya kopo, akalipandisha kopo kwenye rafu, akavuta benchi lake. Basi nami nikaifungua mifupa ya Kawangware, nikachagua mmoja mnene, nikaufunga kwenye jiriwa na kuanza kukata. Hajaniita mama tena, na mimi sijamwambia aanze.